Garimoshi Likipunguza Mwendo

Alhamisi, nyuma ya mashine ya kusaga ya Mwandiga,
umeme umekatika, mashine imenyamaza,
sanduku bado halijafunguliwa kufuli zake tatu,
Zabibu Bukuru akanyoosha mkono:
"Katibu, redio imesema mfumuko wa bei umeshuka.
Nimetoka sokoni sasa hivi.
Umeshukia wapi?"

Wakacheka. Mimi nikatafuta chaki.

Hesabu niliishia kidato cha pili,
lakini kitabu cha kikundi kinalala kwangu,
na mwenye kitabu huulizwa hata asiyoyaandika.
Nikachora reli kwenye mlango wa bati.

Tuseme bei ni garimoshi, nikasema,
limetoka hapa Kigoma, linakwenda zake bara.
Mwaka juzi lilikimbia:
sado ya dagaa ililala elfu nane, ikaamka elfu kumi.
Mwaka huu limekuta mlima, linahema,
elfu kumi imekuwa elfu kumi na mia tatu.
Redio inasema mwendo umepungua.
Haijasema limegeuza kichwa.
Garimoshi likipunguza mwendo
halikurudishi stesheni.

"Kwa hiyo elfu nane ndiyo basi?"

Ndiyo basi, Zabibu. Elfu nane tumeiacha Luiche,
imesimama kwenye nyasi, inatupungia mkono.

Hapo hakuna aliyecheka.

Anatolia Ntahondi akajisogeza kwenye benchi.
"Mimi reli siijui. Najua vidumu.
Januari watoto walitaka sare, madaftari, viatu,
nikampelekea Gwassa vidumu sita vya mawese,
elfu kumi na mbili kila kimoja.
Juni nyumbani hakuna hata tone,
nikaenda kwake, nikanunua kimoja, elfu ishirini.
Nikakitambua kwa mfuniko:
nilikuwa nimeukaza kwa kipande cha kanga yangu ya njano.
Mafuta yangu yamelala stoo ya mtu miezi mitano
yamerudi yamepanda cheo.
Huo nao ni mfumuko?"

Nikafuta chaki kwenye kiganja.
Hapana, Anatolia. Hiyo ni bei ya kusubiri.
Gwassa hakukuibia; yeye ana stoo na ana chakula cha kesho.
Mwenye akiba huuza siku aitakayo,
mwenye shida huuza siku ya shida,
na viatu vya mtoto havijui Juni.

Nikaandika chini ya reli:
sita mara kumi na mbili, sabini na mbili.
Sita mara ishirini, mia na ishirini.
Katikati, elfu arobaini na nane.
Sanduku hili lingekukopesha Januari ile,
vidumu vikakaa chini ya kitanda chako,
toa riba yetu ya miezi mitano, elfu kumi na nane,
inabaki thelathini.

Thelathini ikakaa pale mlangoni, tukaitazama
kama mgeni aliyekuja na mzigo.

Lakini mimi ndiye mwenye kitabu, siwezi kunyamaza.
Tuko kumi na tisa, na Januari ni ya wote;
sanduku halina uwezo wa kumi na tisa.
Tena sote tukificha vidumu hadi Juni,
Juni nayo itakuwa Januari.

"Sasa umetusaidia nini?" akauliza mtu nyuma.
Nikasema sijui. Angalau tumejua pesa ilipopitia.

Ndipo Devota Ruhunga, anayelisha mashine hii mahindi,
akauliza polepole, kama anayeomba chumvi:
"Mimi nalipwa elfu tano kwa siku
tangu garimoshi lako halijafika Luiche.
Ujira wangu umepanda behewa gani?"

Nikaitazama reli yangu.
Sikuwa nimechora mabehewa.

Umeme ukarudi. Mashine ikanguruma,
mlango ukatetemeka, unga ukaanza kutua
juu ya kumi, juu ya ishirini, juu ya thelathini,
mweupe juu ya mweupe.
Devota akajifunga kitambaa kichwani,
akakanyaga reli iliyodondoka chaki sakafuni,
akaenda kazini kwa miguu.